Mdomo wa Kaskazini: vichekesho vya runinga vya Uingereza na viwanda vilivyovizaa

Juu ya mji wa Holmfirth, Yorkshire, kuna kijiji cha Upperthong, na katika makaburi ya kanisa la kijiji hicho wamelala waigizaji wawili karibu karibu. Bill Owen alizikwa hapo mwaka 1999, kama alivyotaka mwenyewe. Peter Sallis alifariki 2017 akiwa na umri wa miaka 96, naye akalazwa jirani na mwenzake. Waingereza waliwajua kwa majina mengine: Compo na Clegg, wazee wa Yorkshire waliozurura vilimani wakibishana juu ya mambo madogo madogo katika Last of the Summer Wine, tamthilia ya vichekesho iliyoanza 1973 na kumalizika 2010. Hadi leo watu husafiri kwenda Holmfirth kuziangalia ngazi za nyumba ambayo Compo alikuwa akitimuliwa kwa ufagio na jirani yake, Nora Batty. Hakuna waliohesabiwa kuwa watu wa kaskazini kuliko wazee hawa. Lakini Bill Owen alizaliwa Acton, London, na Peter Sallis alizaliwa Twickenham, kando ya Mto Thames, kusini kabisa.

Fundo lenyewe ndilo hilo. Waingereza wakizungumzia vichekesho vya runinga hupenda kusema kwamba hiki ni cha kaskazini na kile si cha kaskazini, na kila mtu huitikia kana kwamba maana yake iko wazi. Ukianza kuuliza, nyuzi zinachanganyika. Open All Hours ni hadithi ya muuza duka bahili wa Yorkshire, na picha zake za nje zilipigwa Balby, Doncaster. Lakini muuza duka huyo ni Ronnie Barker wa Bedford, na mpwa wake ni David Jason wa London. Rising Damp ilitengenezwa na kampuni ya Leeds, ikaandikwa na mtu wa Grantham, ikabebwa na mwigizaji wa Liverpool. The Likely Lads ni fahari ya Newcastle, ingawa mmoja wa vijana wake wawili, Rodney Bewes, alitoka Bingley huko Yorkshire, na mwingine, James Bolam, alitoka Sunderland, mji ambao watu wake na wa Newcastle ni watani wasiosameheana, hasa siku za mpira.

Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha mwigizaji hakitusaidii, wala mahali kamera iliposimama. Jibu langu ni hili: ukaskazini wa vichekesho hivi ni namna ya kusema. Uliumbwa na kazi za viwandani, ukanolewa katika majukwaa ya mapumziko na klabu za wafanyakazi, kisha ukaingia runingani kwa sababu sheria ya utangazaji iliwapa watu wa kaskazini mitambo yao. Tuifuate njia hiyo.

Kwanza, kaskazini ipi? Si Uskoti. Ni kaskazini ya England: Lancashire na Yorkshire, Manchester, Liverpool, Newcastle, na miji midogo iliyosongamana kati yao. Masikioni mwa mgeni, hata mgeni wa London, watu wote hawa husikika kama wana lafudhi moja. Wenyewe hawatakubali. Ni sawa na mtu kusikia Kimvita, Kipemba na Kiamu akadhani ni lahaja moja kwa kuwa zote ni za pwani. Sauti ya Liverpool imechanganyika na ya Waayalandi waliohamia huko kwa wingi karne ya 19. Sauti ya Newcastle ina maneno na mwimbo ambao hata mtu wa Leeds hulazimika kutega sikio. Na Lancashire na Yorkshire, zilizotenganishwa na safu ya milima ya Pennines, zimetaniana tangu enzi za vita vya wafalme katika karne ya 15. Kinachowaunganisha ni makaa ya mawe, pamba, sufu, chuma na meli. Hapa ndipo mapinduzi ya viwanda yaliposhika kwanza, na hapa ndipo yalipoacha majeraha makubwa zaidi yalipokwisha.

Sasa ingia katika kiwanda cha kufuma nguo cha Lancashire. Mamia ya mitambo inapiga kwa pamoja katika ukumbi mmoja, kelele zake zinatetemesha sakafu, na wengi wa wafumaji ni wanawake. Hawawezi kusikizana, na siku ni ndefu. Basi wakabuni njia ya kuzungumza kwa midomo. Kila neno lilitamkwa kwa kuuvuta uso mzima, bila sauti, na mwenzako aliye upande wa pili wa mtambo alisoma midomo yako. Mazungumzo haya yalikuwa na jina lake, mee-maw, jina linalotokana na umbo la midomo yenyewe. Wanawake hao wakitoka kazini hawakuiacha desturi hiyo kiwandani. Waliibeba hadi kwenye ukuta wa uani walikosimama kusengenya na jirani, na wakaipa kazi mpya: mambo ya aibu, hasa maradhi ya kike, yalisemwa kwa midomo tu hata pasipo kelele yoyote.

Norman Evans, mchekeshaji wa Rochdale, aliiweka hali hiyo jukwaani akiwa amevaa kama mama wa mtaani anayeegemea ukuta wa uani. Baada yake akaja Les Dawson, aliyezaliwa 1931 Collyhurst, mtaa wa maskini wa Manchester. Runingani Dawson na mwenzake Roy Barraclough wa Preston walicheza Ada na Cissie, wanawake wawili wanene wanaoketi kupiga soga. Ada anasimulia habari za hospitali kwa sauti kubwa, na akikaribia kutaja kiungo kilichopasuliwa sauti inazimika ghafla, lakini midomo inaendelea kufanya kazi kwa bidii zaidi kuliko mwanzo, huku akijiweka sawa kifua kwa mkono. Watazamaji wa kusini walicheka kwa sababu uso ule ulikuwa wa ajabu. Wa kaskazini walicheka kwa sababu walikuwa wanamwona bibi yao. Kwangu mimi, kipande hicho kidogo kinaeleza zaidi ya vitabu vingi: kelele ya mitambo iliyofungwa zamani bado inasikika katika ukimya wa mwigizaji.

Kazi iliwapa lugha, na likizo ikawapa jukwaa. Katika miji ya pamba kila mji ulikuwa na wiki yake ya mapumziko, ambayo viwanda vyote vilifungwa kwa pamoja na mji mzima ukapanda treni kwenda baharini, mara nyingi Blackpool. Kwa kuwa wiki hizo hazikugongana, Blackpool ilipokea mji baada ya mji msimu wote wa kiangazi. Fikiria maana yake kwa mchekeshaji. Wiki hii ukumbi umejaa watu wa Oldham, wiki ijayo watu wa Burnley, wote wafanyakazi, wote wenye fedha walizozidunduliza mwaka mzima, na wote wanataka kusikia habari za maisha wanayoyajua. Mchekeshaji asiyewajua aliondoka. George Formby wa Wigan na Gracie Fields wa Rochdale walikulia katika ulimwengu huo wa majukwaa, wakawa miongoni mwa nyota wa sinema waliolipwa vizuri kuliko wote Uingereza katika miaka ya 1930, bila kubadili lafudhi zao.

Msimu wa kiangazi ukiisha, klabu za wafanyakazi ziliwapokea. Muungano wa klabu hizo ulianzishwa 1862 na kasisi, Henry Solly, aliyetumaini kwamba zingewaepusha wanaume na pombe. Pombe iliingia, ikifuatwa na mchezo wa bahati nasibu wa bingo, waimbaji na wachekeshaji. Ukumbi wa klabu ulikuwa mgumu: watu wanakula, wanazungumza, na bingo inaweza kukukata maneno katikati. Huko ndiko wachekeshaji wengi wa kaskazini walikojifunza kushika sikio la mtu aliyechoka.

Wakati huo wote, sauti ya taifa ilikuwa nyingine. Redio ya BBC ilizungumza Kiingereza cha tabaka la juu la kusini, na lafudhi ya Yorkshire au Lancashire ilikubaliwa kwa mtu wa kuchekesha tu. Mwaka 1941, katikati ya vita, BBC ilimchukua Wilfred Pickles wa Halifax na kumpa taarifa ya habari ya kitaifa asome. Sababu moja ilikuwa ya kivita: ilihofiwa kwamba Wajerumani wangeiga sauti za watangazaji wa London, na sauti ya Yorkshire ingewatatiza. Pickles alisoma habari, na mwisho akawaaga wasikilizaji wa kaskazini kwa kuwatakia usiku mwema kwa matamshi ya kwao, neno “nait” likawa “niit”. Barua za malalamiko zikamiminika. Wasikilizaji wengine, hata wa kaskazini, hawakuweza kuamini habari nzito inayotoka katika kinywa kama cha jirani yao. Pickles alirudi kwenye burudani, akaendesha kwa miaka mingi kipindi cha redio kilichozunguka miji midogo kuzungumza na watu wa kawaida, na mwaka 1970 akawa mhusika mkuu wa tamthilia ya vichekesho ya runinga kuhusu mapenzi ya wazee, For the Love of Ada. Nikiitazama safari yake naona wazi kizuizi kilipokuwa. Sauti yake ilikuwa na ruhusa ya kupendwa, lakini haikuwa na ruhusa ya kusema jambo zito. Vichekesho bora vya kaskazini vilivyofuata vilifanya yote mawili.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa kisheria na wa kibiashara. Sheria ya Televisheni ya 1954 iliruhusu runinga ya matangazo ya biashara ishindane na BBC, nayo ikagawanywa kimikoa: kila eneo lilipewa kampuni yake yenye mkataba wake. Granada ilianza kurusha matangazo Manchester tarehe 3 Mei 1956. Tyne Tees ikafungua Newcastle 1959, na Yorkshire Television ikaanza Leeds 1968. Msomaji anayetaka kuelewa kwa nini miaka ya 1960 na 1970 ilijaa vichekesho vya kaskazini asianze na vipaji, maana vipaji vilikuwapo siku zote. Aanze na mkataba. Kampuni yenye studio Manchester, waandishi wa Manchester na watazamaji wa Manchester haikuwa na sababu ya kujifanya London. BBC nayo haikulala. Mwaka 1954 ilihamia katika studio ya Dickenson Road, Manchester, kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa studio ya Mancunian Films, kampuni iliyotengeneza sinema za bei nafuu za wachekeshaji wa kaskazini. Hiyo ikawa studio ya kwanza ya runinga ya BBC nje ya London.

Tunda la mapema la Granada ninalolipenda ni Nearest and Dearest, iliyoonyeshwa 1968 hadi 1973. Nellie na Eli Pledge, dada na kaka wasioelewana, wanarithi kiwanda cha achari cha baba yao. Nellie ni Hylda Baker, mwanamke mfupi aliyezaliwa Farnworth, karibu na Bolton, mwaka 1905, akapanda jukwaani tangu utotoni. Ustadi wake ulikuwa kuyavunja maneno makubwa. Nellie anataka kusema kama wenye elimu, analifuata neno refu kwa ujasiri, linamponyoka, anatoa jingine linalofanana nalo, na hajui kama limeponyoka. Kucheka ni rahisi. Lakini chini yake kuna mwanamke aliyenyimwa shule na anayekataa kunyamazishwa kwa sababu hiyo. Baker na Jimmy Jewel, aliyecheza Eli, walichukiana kweli nje ya kamera, na chuki hiyo inaonekana, nayo ikaipa tamthilia makali ambayo mwandishi asingeweza kuyapanga.

Roy Clarke ndiye mtu ninayetaka kumkalia kidogo. Alizaliwa 1930 Austerfield, karibu na Doncaster, akawa mwanajeshi, polisi na mwalimu kabla ya kuishi kwa kalamu. Sehemu zote 295 za Last of the Summer Wine aliziandika yeye peke yake, katika misimu 31. BBC ilimtaka aandike juu ya wazee watatu, na wazee wa vichekesho kwa kawaida hulalamikia magoti. Clarke aliwageuza watoto. Hawana kazi, hawana wakubwa, hawana cha kupoteza, na siku nzima iko mbele yao. Wanateleza mlimani ndani ya beseni la kuogea, wanakaa juu ya ukuta wa mawe, na zaidi ya yote wanazungumza. Katika sehemu nyingi hakitokei kitu ambacho ungeweza kumsimulia mtu. Anayesubiri kisa atachoka. Anayesikiliza atasikia sentensi zinazoanza kwenye soksi na kuishia kwenye kifo bila kubadilisha sauti.

Katika Open All Hours, iliyoendelea hadi 1985 baada ya kipindi cha majaribio cha 1973, Clarke alitumia chombo kimoja tu, duka la mtaani. Muuza duka, Arkwright, ana kigugumizi, na mashine yake ya kuwekea fedha ina droo inayofunga kwa nguvu kama mtego wa panya. Mteja ameingia kununua kiberiti, anatoka na vitu ambavyo hakujua anavihitaji. Kila kitu ni mazungumzo juu ya meza ya duka, jambo ambalo msomaji yeyote aliyewahi kutumwa dukani na mama yake atalitambua mara moja. Kisha likaja Keeping Up Appearances, 1990 hadi 1995, ambalo lilikuja kuwa kipindi kilichouzwa nje mara nyingi kuliko vyote vya BBC, karibu mara 1,000. Mhusika wake mkuu ana jina la ukoo lenye maana ya ndoo, naye anasisitiza kwamba litamkwe kama neno la Kifaransa la shada la maua. Patricia Routledge wa Birkenhead alimcheza. Picha za nje zilipigwa upande wa Coventry, katikati ya nchi, na mji wanamoishi hautajwi. Hata hivyo nauhesabu kuwa mchezo wa kaskazini, kwa sababu maumivu yake ni yale yale ya Wilfred Pickles: mwanamke aliyejifunza kwamba sauti aliyozaliwa nayo ni aibu, akaitupa, na ndugu zake wanaendelea kumletea mlangoni.

Na sasa tunaweza kurudi kwa Peter Sallis bila kushangaa. Alijifunza lafudhi ile kama fundi anavyojifunza chombo, na maneno ya Clarke yalimpa mapigo. Nick Park, kijana wa Preston aliyekuwa akitengeneza filamu ya vikaragosi vya udongo, alimwomba awe sauti ya mvumbuzi mmoja mpenda jibini aitwaye Wallace. Sallis alilitamka neno la jibini la Kiingereza kwa kuvuta midomo pembeni mpaka mwisho, na Park akaona kwamba uso aliouchonga hautoshi. Akaupanua mdomo uifuate sauti. Mdomo ule mpana unaojulikana dunia nzima ulichongwa kwa kufuata matamshi ya mtu wa Twickenham.

Kuna upande mwingine ambao haufai kufunikwa. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya kaskazini viliajiri watu wengi kutoka Pakistan, India na Karibi, mara nyingi kwa zamu za usiku ambazo wenyeji hawakuzitaka. Vichekesho vilichelewa sana kuwaona kama watu wa mtaa. Jukwaani katika klabu, watu hao walikuwa shabaha ya mzaha, na wachekeshaji kama Bernard Manning wa Manchester walijenga jina kwa utani wa rangi ambao leo ni mchungu kuusikiliza.

Katikati ya hali hiyo alisimama Charlie Williams. Alizaliwa 1927 Royston, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Barnsley. Baba yake alikuwa ametoka Barbados. Akiwa na miaka 14 aliingia mgodini, kisha akacheza mpira kama beki wa Doncaster Rovers, kisha akaimba na kuchekesha katika klabu. Granada ilipomweka katika kipindi cha wachekeshaji, The Comedians, mwaka 1971, taifa lilimwona mtu mweusi akifungua kinywa na kutoa Kiyorkshire kizito kuliko cha watazamaji wengi, akiwaita “ua langu” kama mzee yeyote wa Barnsley. Alitania rangi yake mwenyewe, na wapo waliomlaumu kwamba aliwapa wabaguzi kicheko walichokitaka. Lawama hiyo ina uzito wake. Naona pia kwamba mtu yule hakuwa akiigiza lafudhi. Ilikuwa ya kwake kwa haki ya kuzaliwa na ya mgodi.

Don Warrington katika Rising Damp ni kisa cha namna hiyo kilichoandikwa kwa akili zaidi. Tamthilia hiyo ilionyeshwa 1974 hadi 1978, nayo inatokea katika nyumba chakavu ya vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba ni Rigsby, na Leonard Rossiter wa Liverpool alimpa mwili usiotulia, shingo inayochungulia na mkono unaoshika kiuno. Mpangaji wake Philip, anayechezwa na Warrington, anasema yeye ni mwana wa chifu wa Kiafrika. Rigsby, aliyejaa dhana za kikoloni, anameza kila anachoambiwa. Katika sehemu moja Philip anampa kipande cha mti cha kuchoma chenye nguvu za kuvuta mapenzi, kumbe amekibanja kwenye kabati la chumba chake. Mzaha unaonekana kuwa juu ya Afrika, lakini anayechekwa ni mzungu anayedhani anaijua Afrika. Filamu ya 1980 ilifichua kwamba Philip ametoka Croydon, kusini mwa London. Warrington mwenyewe alizaliwa Trinidad na kukulia Newcastle, kwa hiyo ndani ya nyumba ile ya kubuni, mgeni kutoka mbali ndiye aliyekuwa mtoto wa kaskazini kweli. Msomaji wa Afrika atakuwa na haki ya kusumbuliwa na baadhi ya maneno ya Rigsby. Mimi nimesumbuliwa nayo, na bado naona kwamba Philip ndiye mwenye heshima katika nyumba ile.

Newcastle na Liverpool nitazipitia kwa haraka zaidi, ingawa kila moja inastahili makala yake. Dick Clement na Ian La Frenais walianza na The Likely Lads 1964, wakawarudisha vijana wao 1973: Terry anatoka jeshini na kukuta mitaa ya utoto wao imebomolewa, na rafiki yake Bob anaelekea nyumba mpya, mke mwenye mipango na hofu ya majirani watasema nini. Urafiki wao unageuka kesi kati ya aliyepanda na aliyebaki, na hakimu hayupo. Mwaka 1983 waandishi hao hao waliwapeleka wajenzi wa Newcastle hadi Düsseldorf, Ujerumani, kwa sababu kazi zilikuwa zimekwisha nyumbani. Katika Auf Wiedersehen, Pet wanalala ndani ya kibanda kimoja na kuhesabu siku za kurudi. Liverpool ilikuwa na Carla Lane, aliyeandika The Liver Birds kuanzia 1969, wasichana wawili wanaopanga chumba pamoja, jambo geni runingani wakati ule. Mwaka 1986 akaleta Bread, familia ya Boswell inayoishi kwa ujanja na posho ya serikali, ikavuta zaidi ya watazamaji milioni 20. Wengi Liverpool waliumia: mji wao ulikuwa umepoteza kazi za bandarini na viwandani, na sasa nchi nzima ilikuwa ikiwacheka kama wavivu wajanja. Nadhani walikuwa na hoja. Pale mchekeshaji anapotoa mlo wa jirani yake mezani kwa wageni, jirani ana haki ya kuuliza.

Kisha ikaja 1998, na ndani ya wiki chache BBC ikaonyesha kazi mbili ambazo kwangu ndizo kilele. Ya kwanza ilikuwa The Royle Family ya Caroline Aherne na Craig Cash. Aherne alizaliwa London kwa wazazi Waayalandi, akakulia Wythenshawe, Manchester. Alikataa vicheko vya watazamaji viwekwe chini ya maneno, akataka kamera moja kama ya sinema, na akaiweka familia nzima sebuleni mbele ya runinga. Wanakunywa chai, wanavuta sigara, wanaulizana kila mmoja amekula nini leo. Baba wa familia ni Ricky Tomlinson, ambaye kabla ya uigizaji alikuwa fundi wa kupiga plasta na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Alifungwa 1973 baada ya mgomo wa wajenzi, na hukumu yake ilifutwa na mahakama mwaka 2021. Ukimwona amezama kwenye kiti chake akigombana na skrini, unamwona mtu ambaye nchi ilishamweka kando. Mwaka 2006 waliandika kifo cha bibi wa familia hiyo, aliyechezwa na Liz Smith. Kitanda chake kimewekwa sebuleni, na binti yake anamtengeneza nywele huku wakizungumza juu ya vitu vidogo vidogo. Sijui mandhari ya runinga iliyo na upendo zaidi ya hiyo.

Ya pili ilikuwa dinnerladies ya Victoria Wood, aliyezaliwa Prestwich na kukulia Bury. Sehemu 16, zote ndani ya kantini ya kiwanda cha Manchester. Wood alirekodi kila sehemu Ijumaa mbele ya watazamaji, akakaa usiku kuandika upya palipolegea, na Jumamosi ikarekodiwa tena. Waigizaji wanasimulia kwamba alitaka kila neno litamkwe kama lilivyoandikwa, kwa kuwa kichekesho chake kilikaa katika uzito wa silabi: neno la aina fulani ya biskuti lilichekesha pale ambapo neno biskuti tupu lisingechekesha. Ndani ya kantini ile kuna Shobna Gulati wa Oldham, akipaka siagi mkate na kukosea mambo kama wengine wote, bila kulazimika kuwa mwakilishi wa yeyote. Ukiwasikiliza wanawake wale wakitoka kwenye mkate kuingia kwenye ugonjwa wa mama wa mtu, kisha kurudi kwenye mkate, utawasikia wafumaji. Mitambo haipo tena, lakini mkono unafanya kazi na mdomo unafanya yake.

Nimemtaja Hylda Baker wa Farnworth. Mji huo huo mdogo ndiko alikozaliwa Peter Kay mwaka 1973, naye akaitumia klabu ya hapo hapo kupigia picha za Phoenix Nights, hadithi ya mwenye klabu anayepigana kuifungua tena. Bolton ndiko alikokulia Sophie Willan, sehemu ya utoto wake ikiwa chini ya malezi ya serikali. Aliandika na kucheza Alma's Not Normal, kuhusu msichana wa Bolton, bibi yake mwenye maneno makali, na mama aliyezongwa na dawa za kulevya na ugonjwa wa akili. Kwa kipindi cha majaribio cha 2020 alipata tuzo ya BAFTA ya uandishi wa vichekesho, kisha ikafuata misimu miwili. Kabla ya hapo, mwaka 2017, BBC ilikuwa imempa fedha za kumsaidia aandike, kutoka katika mfuko uliowekwa kwa jina la Caroline Aherne, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla.